Keki ya Lori la Taka

Nilimuuliza kwa upole, nikitarajia malkia,
au simba, au kipepeo wa rangi ya waridi
kama wale wa dirishani pale Buruburu.
Mumbua akatafuna penseli, akafikiri sana,
akasema: Lori la taka.
La kijani. Mlango wa nyuma ufunguke.

Anatimiza miaka mitano Jumamosi.
Kila Jumanne hupanda kiti, hushika nondo za dirisha,
hulingoja lori lipinde kona ya kanisa likikohoa,
vijana wawili wamening'inia nyuma
kama wafalme.
Basi nani aniambie mfalme ni yupi?

Ijumaa usiku. Mama yake yuko zamu.
Mizani hatuna: vikombe viwili vya unga, kimoja cha sukari
(nusu imepitia kinywani, sikuona),
magadi, ndimu, mayai manne,
na la tano limeangukia kandambili yangu.
"Hilo halihesabiwi," akasema. "Hilo ni la kandambili."
Nikachapa siagi kwa mwiko hadi bega likalia,
naye amesimamia kazi, mikono kiunoni,
kama mkandarasi wa barabara.

Kisha stima ikaenda.
Umoja nzima ikasema *aaah* kwa sauti moja.
Oveni niliyoazima kwa shemeji
ikabaki sanduku.

Bi Kerubo wa nambari tisa akaingia, tochi mdomoni,
hakubisha hodi, wala hakucheka.
"Wanangu sita wamekula keki, na oveni sijawahi kumiliki."
Sufuria kubwa, mchanga chini, sufuria ndogo ndani,
kifuniko, makaa juu ya kifuniko,
moto haba chini, moto mwingi juu,
"na usifunuefunue! Keki si jirani, uichungulie kila saa."

Tukakaa sakafuni, tukinusa.
Kwanza moshi. Kisha siagi.
Kisha ngazi yote ikanukia ganda la ndimu,
na mtoto akalala gotini pangu,
unga kwenye nyusi, kizee cha miaka minne na siku moja iliyobaki.

Asubuhi: keki imepasuka katikati, imelalia ubavu.
Nilitaka kulia. Yeye akapiga makofi:
"Baba! Limeingia kwenye shimo!"
Basi tukaliacha shimoni. Magurudumu ya biskuti,
taa za peremende, rangi ya kijani
niliyoizidisha matone ikawa ya chura,
na nyuma tukamwaga taka: njugu, bisi,
maganda ya chungwa yaliyochemka kwenye sukari.

Wageni wakaja kwa sare walizoagizwa.
Hodan na glavu za mama yake, zinamfika kwapani.
Osore na buti za mvua, la kulia kushoto.
Pacha wa ghorofa ya kwanza katika gunia moja,
wanagombania tundu la shingo.
Mchezo: viringisha gazeti kuukuu, litupe kwenye karai;
anayekosa anapiga honi.
Wote walikosa. Kwa makusudi. Saa nzima.
Mwenye nyumba alipiga simu mara mbili.

Mlango wa nyuma haukuliwa.
Aliufunika kwa sahani, akaulinda siku tatu
dhidi ya siafu, dhidi yangu.

Jumanne tukashuka ngazi kwa nguo za kulalia.
Kijana wa lori akaitazama ile sahani, akanitazama mimi,
akafuta mkono kwenye suruali, mara ya kwanza,
akafuta tena, ndipo akapokea.
"Ni lori lenu," Mumbua akamwambia, "lakini lilianguka."
"Huanguka," akajibu, mdomo umejaa.
Akarukia nyuma, akagonga bodi mara mbili,
ile ishara ya *twende*.

Tangu siku hiyo, kabla ya uji,
kijiko kinagonga meza yangu mara mbili.